Je, Wajua? Taka Hatarishi, kutoka Nyamongo hadi Mugumu

Je, wajua kwamba chupa ya soda ya mililita 300 ikijazwa zebaki huwa na uzito wa zaidi ya kilo nne? Ukiinyanyua bila kujua, mkono utashtuka. Zebaki ni nzito mara 13.6 kuliko maji, na ni metali isiyoganda katika joto la kawaida: ikimwagika hukatika vipande vya mviringo kama shanga na kukimbilia kwenye nyufa za sakafu. Ukiifagia unazidi kuisambaza.

Nyamongo, wilayani Tarime, zebaki si ngeni kwa mtu yeyote aliyefanya kazi mwaloni, yaani mahali pa kuchenjulia dhahabu. Mawe yakishasagwa kwenye karasha, unga wake huoshwa kwa maji, kisha zebaki hutiwa ili inase chembe za dhahabu. Mchenjuaji hukusanya ule mchanganyiko kwenye kitambaa, huupinda na kuukamua mpaka zebaki ya ziada itoke, abaki na kidonge cheupe chenye kung'aa. Siku mbaya kidonge kinalingana na punje ya mahindi. Siku njema kinakuwa kama gololi. Kinawekwa kwenye kikaango au kipande cha bati juu ya makaa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi joto 357 na kuondoka kama mvuke, na ule weupe unageuka njano taratibu machoni pa watu. Hapo wote huinama kutazama. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu, kwa hiyo hakuna anayerudi nyuma. Anayepuliza makaa anauvuta wa kwanza, na mama anayeuza uji hatua tano kutoka pale anauvuta wa pili, pamoja na mtoto aliye mgongoni.

Mvuke huo hupita kwenye mapafu, huingia kwenye damu, hukaa kwenye figo na ubongo. Mikono ya mchimbaji wa miaka mingi ikianza kutetemeka, watu wanaweza kusema ni pombe.

Kipo kifaa rahisi cha kupunguza hasara hii: chungu kidogo cha chuma chenye mfuniko unaobana na bomba linaloshuka kwenye maji. Mvuke ukipita humo hupoa na kurudi kuwa zebaki, tayari kutumika tena. Kikitumika vizuri hurudisha sehemu kubwa kabisa ya zebaki ambayo ingepotelea hewani. Kwa mtu anayenunua zebaki kwa fedha yake mwenyewe, hiyo ni akiba kabla hata ya kuzungumzia afya.

Tanzania ilisaini Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki Oktoba 2013 na kuuridhia mwaka 2020. Jina hilo ni la mji wa Japani ambako mwaka 1956 madaktari walitangaza ugonjwa wa ajabu: watu walishindwa kutembea na kusema, na paka walikuwa wakicheza-cheza mpaka wanakufa. Kiwanda kilikuwa kikimwaga zebaki kwenye ghuba, na samaki wa ghuba hiyo ndio waliokuwa kitoweo cha wakazi.

*

Je, wajua kwamba saynaidi iliwalemaza watu wa Tarime miaka mingi kabla ya mgodi mkubwa wa Nyamongo kuanza uzalishaji? Ilitoka kwenye mihogo. Mwaka 1985, wakati wa ukame, madaktari walichunguza mlipuko wa konzo katika vijiji vya iliyokuwa wilaya ya Tarime, ambayo wakati huo ilijumuisha pia Rorya ya leo. Konzo huja ghafla: mtu anaamka na miguu imekakamaa, na haipati kunyooka tena maisha yake yote. Ukame uliwaachia watu muhogo mchungu tu, na njaa ikawafanya waufupishie siku za kuloweka na kuanika. Muhogo mchungu una kemikali inayotoa saynaidi, na mwili unaokosa nyama, samaki na maharage hauna cha kuipunguzia makali. Jina konzo limetoka kwa Wayaka wa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa.

Bibi anayeloweka muhogo, kuuvundika na kuuanika juani anafanya kazi ya kuondoa saynaidi, tena kwa ustadi. Wenye mitambo ya kuchenjua dhahabu wanapaswa kuifanya kazi hiyohiyo kwa tani na tani za tope. Njia ya kutoa dhahabu kwa saynaidi ilibuniwa Glasgow mwaka 1887, na mpaka leo ndiyo inayotumika migodi mingi duniani. Wachenjuaji wadogo pia wameizoea: mchanga uliokwisha kuoshwa kwa zebaki, unaoitwa marudio, huuzwa na kupelekwa kwenye matenki ya saynaidi ili ile dhahabu iliyobaki itoke. Hapo pana jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote ya uchenjuaji. Marudio yenye zebaki yakikutana na saynaidi, zebaki huyeyuka na kuwa rahisi zaidi kusafiri na maji. Taka mbili zikichanganywa huzaa ya tatu iliyo mbaya kuliko zote mbili.

Saynaidi yenyewe ina kasoro moja njema: jua na hewa huivunja. Zebaki, risasi na aseniki hazivunjwi na chochote. Zinahama tu, kutoka kwenye tope kwenda majini, kutoka majini kwenda kwenye samaki.

Na hili wapakiaji wa magari walishike: saynaidi ikikutana na tindikali hutoa gesi inayoua kwa dakika chache. Kiwandani huwekewa chokaa ili isifike huko. Kwa hiyo mapipa yaliyobeba saynaidi, hata yakiwa matupu, hayapakiwi gari moja na betri chakavu zinazovuja maji yake. Harufu ya gesi hiyo hufananishwa na lozi chungu, lakini wapo watu waliozaliwa bila uwezo wa kuihisi kabisa.

*

Je, wajua neno topesumu? Ndilo jina la lile tope linalobaki baada ya dhahabu kutolewa, na bwawa la topesumu ni mahali linapohifadhiwa. Mei 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liliutoza mgodi wa North Mara, ule mkubwa wa Nyamongo, faini ya shilingi bilioni 5.6 kuhusu uvujaji wa bwawa hilo, na Julai mwaka huohuo likazuia bwawa lisitumike. Wakati huo mgodi ulikuwa chini ya kampuni ya Acacia. Miezi michache baadaye ukaingia mikononi mwa Barrick, ambayo leo ina asilimia 84 huku Serikali ikiwa na 16.

Miaka kumi kabla ya hapo, Mei 2009, maji yenye tindikali yalitoka mgodini yakaingia Mto Tigithe. Tindikali hiyo haikununuliwa dukani. Mawe yenye madini ya salfa, yakichimbuliwa na kuachwa wazi, hukutana na hewa na mvua na kuanza kutengeneza tindikali yenyewe, nayo huyeyusha metali zilizomo ndani ya mawe hayo. Kazi hiyo ikishaanza ni vigumu kuisimamisha. Huko Hispania upo mto unaoitwa Rio Tinto ambao maji yake ni mekundu na makali mpaka leo, katika eneo lililochimbwa tangu kabla ya Warumi.

Tigithe unaingia Mto Mara. Mto Mara, wenye urefu wa karibu kilomita 395, unaanzia milima ya Mau nchini Kenya, unakata Masai Mara na Serengeti, unapita kati ya vijiji vya Tarime upande wa kaskazini na vya Serengeti upande wa kusini, kisha unaingia Ziwa Victoria.

Mto huu una tumbo kubwa. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2017 walikadiria kwamba kila mwaka nyumbu wapatao 6,250 hufa maji wakivuka, sawa na tani 1,100 za nyama na mifupa. Mamba, samaki, tai na korongo hula, maji hubeba kilichobaki, na mifupa huendelea kutoa madini yake kwa miaka saba hivi. Tani 1,100 kila mwaka, na mto unaendelea kuishi. Lakini hata tumbo hilo lina kikomo. Machi 2022 maji ya sehemu ya chini ya Mto Mara yalibadilika rangi na kunuka, samaki wakaelea. Kamati iliyoundwa na Serikali, ikiongozwa na Profesa Samuel Manyele, ilieleza kwamba chanzo kilikuwa kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Wakazi na wabunge kadhaa hawakuridhika na maelezo hayo, na mjadala ulikuwa mkali. Mimi nalichukua somo moja pande zote zikisikilizwa: mto ukishachafuka, kumtafuta mwenye taka ni kazi ngumu mno. Mwenye taka anajulikana kwa urahisi siku moja tu, siku taka ikiwa bado kwenye dumu lake, uani kwake.

*

Je, wajua kwamba kisheria oili chafu ya gereji yako ni taka hatarishi? Tarime mjini, Sirari, Nyamongo na Mugumu wilayani Serengeti kuna gereji za malori, za bodaboda, na mafundi wanaobadilisha oili chini ya mwembe. Oili ile ina kazi nyingi mikononi mwa watu: kupaka nguzo za uzio zisiliwe na mchwa, kunyunyizia vumbi mbele ya duka, kuwashia moto. Fundi anaona amemsaidia jirani. Ila oili iliyopita kwenye injini imebeba mabaki ya metali na masizi, na ile iliyopakwa kwenye nguzo ya zizi hulambwa na ndama.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na Kanuni za Udhibiti na Usimamizi wa Taka Hatarishi, zinataka kila anayekusanya, kuhifadhi, kusafirisha au kuteketeza taka za aina hii awe na kibali. Mwenye gereji si lazima awe msafirishaji. Anachotakiwa ni kumpata mwenye kibali na kumkabidhi mzigo wake ukiwa katika hali nzuri. Wengi hukwama hapa kwa sababu hawajawahi kuelezwa kazi yenyewe inavyokwenda, basi tuieleze.

Kwanza, usichanganye. Oili iwe peke yake kwenye pipa lake. Maji, petroli na maji ya breki yasiingie humo. Oili safi ya taka, ukiniruhusu kuiita hivyo, ina mnunuzi, maana inaweza kusafishwa tena au kuchomwa kwenye tanuri. Iliyochanganywa na maji ya betri haina mnunuzi, na wewe ndiye utakayelipa iondoke. Vichujio vya oili vitobolewe na kuning'inizwa vichuruzike. Matambara yenye oili yawe kwenye kopo lenye mfuniko, kwa sababu yakirundikwa yanaweza kushika moto yenyewe.

Pili, pipa lisimame chini ya paa, ndani ya kizingiti cha saruji kinachoweza kupokea kila kilichomo likitoboka. Kanuni inayotumika sehemu nyingi duniani ni kwamba eneo hilo lichukue asilimia 110 ya ujazo wa pipa kubwa kuliko yote. Pipa la lita 200, kizingiti cha lita 220. Andika juu yake kwa Kiswahili kinachosomeka: ni nini, cha nani, kimeanza kuwekwa lini.

Tatu, mkusanyaji akija, mwombe kibali kabla hajagusa pipa. Soma tarehe ya mwisho. Soma aina ya taka: mwenye kibali cha oili hana ruhusa ya kubeba mabomba ya sindano. Mwulize mzigo unapelekwa wapi, kwa jina la mahali. Ofisa mazingira wa halmashauri na ofisi za NEMC za kanda wanaweza kukuambia kama kibali hicho ni cha kweli.

Nne, mzigo upimwe mbele yako na ujazwe kwenye waraka unaosafiri nao. Waraka huo una nafasi ya mtoa taka, ya msafirishaji na ya anayepokea, na kila mmoja anatia saini na kubaki na nakala. Dereva akifika na mapipa pungufu, karatasi inasema.

Ugumu wa Tarime na Serengeti ni umbali. Mwanza ni karibu kilomita 300 kutoka Tarime, na Dar es Salaam ni zaidi ya 1,000. Hakuna mtu atakayeleta lori kwa ajili ya pipa moja la fundi wa Mugumu. Mafundi kumi wakikubaliana tarehe moja, gari linajaa na gharama inagawanyika. Watu wa wilaya hizi wamezoea vikundi vya kuweka na kukopa, wamezoea kukusanya mazao mahali pamoja kusubiri mnunuzi. Mapipa ya oili hayahitaji akili nyingine.

*

Je, wajua kwamba betri chakavu ya gari ikivushwa mpaka kutoka Sirari kwenda Isebania nchini Kenya, mwendo wa dakika chache kwa miguu, inahesabika kuwa taka hatarishi iliyosafirishwa kimataifa? Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 unataka nchi inayopokea ikubali kwa maandishi kabla mzigo haujaondoka. Tanzania imo tangu 1993, Kenya tangu 2000. Afrika ina mkataba wake mkali zaidi, wa Bamako, wa Januari 1991. Ulizaliwa na hasira ya mwaka 1988, pale ilipogundulika kwamba maelfu ya tani za sumu kutoka Italia yamehifadhiwa kwenye ua wa mtu huko Koko, Nigeria, kwa kodi ya takriban dola 100 kwa mwezi.

Betri inavutia kwa sababu zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na risasi huyeyuka kwenye moto wa kawaida. Kinachofuata kilionekana Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliopakana na kiwanda cha kuyeyusha betri. Phyllis Omido aliajiriwa kiwandani humo, kisha mtoto wake mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha risasi iliyokuwa imepita kwenye maziwa ya mama. Alipigana mpaka kiwanda kikafungwa, akapewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaipa nguvu hukumu hiyo. Waliozikwa hawakusikia.

Kwa hiyo anayekusanya betri Tarime asizipasue na asizimwage maji yake. Zipangwe zikiwa zimesimama, kwenye ubao, chini ya paa, vichwa vikiwa vimefunikwa zisigusane na kutoa cheche.

*

Je, wajua kwamba tarakimu nne zinaweza kumwambia zimamoto lori limebeba nini bila dereva kufungua mdomo? Umoja wa Mataifa umekipa kila kitu hatari namba. 1689 ni saynaidi ya sodiamu ngumu. 2794 ni betri zenye tindikali. 2809 ni zebaki. 3291 ni taka za hospitali. Namba ni zilezile Musoma, Mombasa na Muscat. Kijana wa bodaboda akikuta lori limepinduka kwenye kona, akasoma namba akiwa mbali na kuitaja kwenye simu, ameokoa dakika ambazo hazina bei.

*

Je, wajua kwamba kati ya taka zote za zahanati, karibu asilimia 85 si hatari kuliko za nyumbani? Shirika la Afya Duniani linasema hivyo, na ndiyo maana kutenganisha ni nusu ya kazi. Kisanduku cha sindano kinafungwa kikifika robo tatu. Ukikitazama kwa karibu utaona mstari umechorwa ubavuni. Juu ya mstari huo sindano huanza kuchungulia, na anayeisukuma ya mwisho kwa kidole ndiye anayechomwa. Kisanduku cha lita tano huchukua takriban mabomba 100. Kichomea taka chenye vyumba viwili kinachopita nyuzi joto 850 huteketeza. Moto wa shimoni hubabua tu, na plastiki inayobabuliwa hutoa sumu mpya. Jivu nalo lina shimo lake, maana sindano hazigeuki jivu.

Zahanati binafsi na maduka ya dawa hayana haja ya kujenga vichomea vyao. Wanaweza kuingia mkataba na hospitali iliyo nacho. Dawa zilizoisha muda zina utaratibu wake chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na chanzo chochote cha mionzi kinasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki, ambayo ina hifadhi maalumu Arusha. Hicho hata mwenye kibali cha taka nyingine haruhusiwi kukigusa.

*

Na wenye hoteli na kambi za Serengeti, wanaoendesha jenereta na betri za sola katikati ya nyumbu, je, wanajua kwamba tani moja ya simu mbovu hukadiriwa kuwa na dhahabu gramu 300 hivi, wakati mawe mengi ya mgodini hutoa gramu chache tu kwa tani? Zisichomwe. Zikusanywe kwenye sanduku kavu, pamoja na kompyuta zilizokufa, zisubiri gari lilelile la pamoja.

Gari likishaondoka, mzigo bado ni wako. Baada ya wiki kadhaa inapaswa kuja karatasi ya mwisho, hati ya uteketezaji, yenye tarehe, uzito na jina la mtambo uliopokea. Linganisha uzito huo na ule ulioandikwa uani kwako siku ya kupakia. Kama ulipakia kilo 180 na hati inasema 120, piga simu siku hiyohiyo, kwa sababu kilo 60 ziko mahali fulani kati ya Tarime na Mwanza, na barabara hiyo inavuka Mto Mara pale Kirumi.